Chumvi ya Kioo

Mhadhara kwa wananchi wa Igawa, Mbarali



Kila anayeishi kando ya barabara hii ameiona bahasha kubwa ya kaki. Mtu anatoka hospitali, iwe Chimala, Ilembula au Mbeya mjini, anapanda basi, na katika mizigo yake yote anachokilinda ni ile bahasha. Haikunji, haikalii, haisukumi chini ya kiti. Ameisimamisha magotini mpaka anashuka. Nyumbani ndugu wataitoa ile filamu nyeusi, wataiinua dirishani ielekee jua, na kila mmoja atanyamaza kidogo akitazama mbavu za mtu wake zilivyopangwa kama fito za ukuta ambao haujakandikwa. Nimepiga picha za namna hiyo kwa miaka mingi. Leo nataka kuwauliza jambo ambalo wagonjwa hawakuwahi kuniuliza: picha ile imechorwa na nini?

Mtaniambia, na eksirei. Hilo ni nusu ya jibu. Filamu ni plastiki iliyopakwa chembe za chumvi ya fedha, na chembe hizo hazina nguvu ya kuinasa eksirei. Kati ya miale mia inayoipitia, unaobaki pale ni mmoja hivi. Mingine inapita kana kwamba hakuna kitu. Tungeitegemea filamu peke yake, mgonjwa angepigwa mionzi mara makumi zaidi. Ndiyo maana ndani ya kaseti, gizani kabisa, filamu hubanwa kati ya karatasi mbili nyeupe. Eksirei ikizipiga karatasi zile, zinawaka kijani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na filamu inaupokea ule ukijani. Kwa hiyo kilichomo ndani ya bahasha ni picha ya mwanga wa kijani ambao hakuna binadamu aliyeuona. Mwanga ule umetolewa na terbiamu, mojawapo ya yale yanayoitwa madini adimu.

Siku hizi mashine za kidijitali zinaenea na filamu inaondoka, lakini kazi ya kuigeuza eksirei kuwa mwanga haijaondoka. Mashine nyingi bado zina unga uleule wa gadoliniamu na terbiamu. Nyingine zina fuwele za sizi-ayodini. Na zile kaseti za katikati, ambazo picha yake husomwa kwa leza nyekundu, zimepakwa chumvi ya bariamu iliyotiwa yuropiamu, nayo ni madini adimu vilevile. Majina haya ni magumu, najua. Shikeni manne tu kwa jioni ya leo: terbiamu, yuropiamu, gadoliniamu na seriamu. La mwisho ndilo nitakaloliomba mlikumbuke zaidi.

Hata mtu wa kwanza kuigundua eksirei hakuiona. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa amelifunika bomba lake la umeme kwa karatasi nyeusi. Pembeni kulikuwa na kipande kilichopakwa chumvi ya bariamu na platini, na kipande kile kikawaka. Alichokiona ni ushahidi wa kitu kingine. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, na pete yake ikaonekana ikielea kwenye mfupa wa kidole. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na ugunduzi wake hakuuwekea hataza, ili kila mtu autumie. Mwaka 1896 karakana ya Thomas Edison ilijaribu vitu kwa maelfu ikitafuta kinachowaka vizuri zaidi, ikachagua tangisteti ya kalisiamu. Chumvi hiyo ikatawala vyumba vya eksirei kwa zaidi ya miaka 70. Ilipofika miaka ya 1970 ndipo madini adimu yakaingia. Tangisteti hugeuza kama asilimia 5 ya nguvu inayoinasa kuwa mwanga; unga wa gadoliniamu na terbiamu hugeuza kama 15. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba dozi ilipungua kwa nusu, wakati mwingine zaidi, na picha ikabaki ileile. Hakuna aliyetangaziwa. Mama mjamzito, mtoto wa kifua kikuu, mchimba dhahabu wa Chunya mwenye vumbi mapafuni, wote walipunguziwa mionzi na chumvi ya kijani wasiyoijua jina.

Wazee, ninyi mna undugu wa zamani na madini haya kuliko mnavyodhani. Mnaikumbuka karabai. Mnakikumbuka kile kifuko cha uzi, mfano wa soksi ya mtoto mchanga: ukikiwasha mara ya kwanza kinaungua, kinabaki majivu meupe, na ukikigusa tu kinabomoka. Lakini ukipampu karabai, majivu yale yalimulika harusi nzima. Mtengenezaji wa kifuko hicho alikuwa Carl Auer von Welsbach wa Austria, na mwaka 1891 alipata kipimo kilichodumu: sehemu 99 za oksidi ya thoriamu na sehemu moja ya oksidi ya seriamu. Thoriamu peke yake hutoa mwanga hafifu. Ile sehemu moja katika mia ndiyo iliyouleta weupe. Na thoriamu yenyewe hutoa mionzi kidogo, kwa hiyo nyumba zetu zilikuwa na kipande cha fizikia ya atomu kimening'inia juu ya meza ya chakula kabla shule haijafika. Bwana huyuhuyu, mwaka 1885, ndiye aliyetenganisha neodimiamu na praseodimiamu, ambazo kabla yake watu walidhani ni kitu kimoja. Akatengeneza pia lile jiwe dogo la kiberiti cha gesi, ambalo kwa sehemu kubwa ni seriamu na chuma. Kila mwenye kiberiti cha gesi mfukoni hapa amebeba madini adimu.

Tena jina hilo linapotosha. Katika ganda la dunia, seriamu inakaribiana na shaba kwa wingi. Uadimu wake ni wa kutawanyika na kushikamana: madini haya hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, na kumtoa mmoja kati ya wenzake ni kazi ya miezi.

Kwa nini yanawaka hivyo? Fikirieni atomu kama nyumba, na elektroni ni wakazi wake. Katika vitu vingi, wakazi wanaotoa rangi wamekaa barazani. Jirani akipita wanamsikia, upepo ukivuma unawapiga, kwa hiyo rangi yao hubadilika kila wanapohamia. Katika terbiamu na yuropiamu wakazi wanaofanya kazi hiyo wamo chumba cha ndani, na kuta za elektroni nyingine zimewazunguka. Ziweke kwenye kioo, kwenye fuwele au kwenye unga, terbiamu itatoa kijani chake na yuropiamu itatoa wekundu wake. Seriamu ina tabia tofauti. Elektroni yake ikipata nguvu hutoka hadi barazani, inasikia majirani, kisha inarudi ndani mbio. Kwa sababu hiyo rangi yake, ambayo mara nyingi ni buluu inayoelekea zambarau, hubadilika kidogo kulingana na kioo, na mwanga wake ni wa haraka mno: unakwisha chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Terbiamu hukawia, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi. Tofauti hii tutaihitaji.

Sasa naomba tuzime taa. Tochi hii mnaifahamu, ni ya kukagulia noti bandia, wenye maduka na mawakala wa fedha wanazo. Na hiki ni kipande cha kioo, kikubwa kama kidole gumba, nilichopewa na mwalimu mwenzangu aliyekitoa Asia. Kwenye mwanga wa kawaida ni kioo tu, mngesema kimetoka kwenye chupa. Tazameni. Kijani chote kile kinatoka ndani yake. Tochi inatoa mwanga usioonekana, kioo kinaumeza na kuutoa upya katika rangi ambayo macho yetu yanaijua. Eksirei ingeingia kwa mlango mwingine, lakini ingetokea kwa mlango huuhuu.

Washeni taa. Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Kioo hiki kimepikwa kwa vitu vingine, fosfeti au asidi ya boriki, pamoja na oksidi ya gadoliniamu, kwenye joto la nyuzi 1,200 hadi 1,500. Gadoliniamu iko pale kwa sababu ni nzito na ina kiu ya eksirei, hasa ile yenye nguvu ya kuanzia kiloelektroni-volti 50 na kidogo, ambayo imo katikati ya eksirei ya hospitali. Ndiyo mdakaji. Akiisha kudaka humpasia terbiamu, na terbiamu ndiye anayesema.

Terbiamu hutiwa kidogo. Hapa ndipo nilipopata jina la mhadhara huu. Mama mpishi anajua: chumvi ikipungua mboga imepoa, ikizidi chakula kimeharibika, na hakuna kuitoa. Terbiamu ikipungua kioo hakisemi. Ikizidi, atomu zake zinakaribiana mno na kuanza kupokezana ile nguvu, huyu anampa yule, yule anampa mwingine, mpaka inafika mahali penye kasoro kwenye kioo na kufa kama joto. Mwanga hautoki. Kila kioo kina kipimo chake, na hakuna kitabu kinachokupa kipimo cha kioo ambacho hakijawahi kupikwa. Unapika, unapoza, unapima. Kesho unapika tena. Ndiyo maana watafiti wa Thailand, katika Chuo Kikuu cha Nakhon Pathom Rajabhat, wana kituo kizima kinachoshughulika na kioo, na wamepika vioo vya namna hii aina kwa aina kwa miaka.

Seriamu ina hila yake jikoni. Atomu yake ina hali mbili. Katika hali ya kwanza inawaka. Katika hali ya pili, ikiwa imenyang'anywa elektroni moja zaidi, haiwaki kabisa, na kibaya zaidi inakipaka kioo umanjano unaoumeza hata mwanga wa wenzake. Na hewa ya kawaida katika tanuri huisukuma kwenye hali hiyo mbaya. Dawa ni nini? Mkaa. Mpishi huweka chungu kidogo chenye mchanganyiko ndani ya chungu kikubwa, akajaza mkaa katikati, akafunika. Mkaa ukiungua unakula oksijeni, na seriamu inabaki katika hali inayowaka. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Maabara za mabilioni, na siri imo kwenye gunia linalouzwa hapo barabarani.

Mtauliza, kama unga unafanya kazi, kioo cha nini? Madereva watanielewa. Ukipanda na lori usiku kutoka Makambako kwenda Njombe, ukungu ukishuka, taa za gari linalokuja hazina umbo, ni wingu la mwanga tu. Ukungu ukiondoka unaziona taa mbili na mpaka wa kila moja. Unga ni ukungu. Mwanga ukizaliwa ndani yake hugongana na chembe elfu kabla ya kutoka, na ufa mwembamba wa mfupa hupanuka ukafifia. Ukiufanya unga uwe mwembamba picha inakuwa kali, lakini eksirei nyingi inapita bila kunaswa. Kioo ni hewa safi: unaweza kukifanya kinene kiasi ili kinase, na mwanga bado ukatoka bila kupotea njia. Kinaweza kumiminwa kikawa kipana, kikavutwa kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kila uzi ukibeba nukta yake ya picha. Fuwele haivutwi hivyo. Inakuzwa polepole, ghali, na nyingine ikiguswa na unyevu inaharibika.

Sitawaficha udhaifu wake. Fuwele ya sizi-ayodini iliyotiwa thaliamu hutoa chembe za mwanga zipatazo 54,000 kwa kila megaelektroni-volti moja ya nguvu, na vioo vingi viko nyuma sana ya hapo. Atomu za fuwele zimepangwa kama mistari ya mpunga uliopandwa kwa kamba. Za kioo zimekaa kama mpunga uliomwagwa kwa mkono, na nguvu inayosafiri humo hukutana na mashimo mengi. Kazi ya sasa ya watafiti ni kuyaziba mashimo hayo.

Kila kioo na kazi yake. Terbiamu inayokawia inafaa picha iliyotulia: kifua, mfupa, au kiungo cha bomba la chuma. Bomba la TAZAMA, lililojengwa mwaka 1968 kupeleka mafuta Ndola, linapita katika nyanda zetu, na mabomba ya aina hiyo hukaguliwa maungio yake kwa mionzi, kwa sababu ufa uliofichwa kwenye ungio jicho haliuoni. Seriamu yenye haraka inafaa kuhesabu, tukio baada ya tukio. Ikiunganishwa na lithiamu, kioo chake huhesabu hata nyutroni, ambazo hazina chaji na hupita vitu vingi bila kusema neno. Wajenzi wa barabara hii hutumia kisanduku chenye chanzo kidogo cha mionzi kupima kama udongo umeshindiliwa sawasawa. Watu wanapita karibu nacho wakidhani ni chombo cha fundi tu. Ni halali, kina leseni, lakini ni mionzi, na mionzi yote inahitaji mtu wa kuihesabu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mto wenu. Hapa Igawa kuna kituo cha kupimia mto Mbarali. Mmekuwa mkiuona ubao wenye alama majini, na msomaji wake anaandika kimo cha maji. Maji yanayopita hapa yanashuka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, na mtu wa mbali hawezi kujua mto ulikuwaje jana bila daftari lile. Mfanyakazi wa eksirei naye ni mto wa namna hiyo. Mionzi inapita mwilini mwake kidogo kidogo, haiumi, haina harufu. Bila ubao wa kupimia hakuna ajuaye kimo chake.

Ubao wake ni beji. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ikirithi Tume ya Taifa ya Mionzi ya mwaka 1983, inagawa beji hizo na kuzisoma. Ndani yake mna vipande vidogo vya floraidi ya lithiamu. Vikipashwa joto vinatoa mwanga unaolingana na mionzi iliyovipata. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Kwa wastani binadamu hupata karibu 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, na picha moja ya kifua ni sehemu ya kumi ya milisivati au pungufu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika hospitali ambayo sitaitaja. Beji zetu zilifungiwa kwenye droo. Msimamizi alihofia zisipotee, kwa kuwa kuzilipia tena kulikuwa shida, na kila kipindi zilirudishwa kusomwa zikiwa safi kabisa, kama mto usio na maji. Palikuwa na dada mmoja muuguzi ambaye kila mtoto akikataa kutulia ndiye aliyemshika, mikono yake ikiwa ndani ya mwale. Alifanya hivyo kwa miaka. Aliugua baadaye, na familia yake iliniuliza kama kazi yake ndiyo sababu. Sikuweza kuwajibu ndiyo, wala sikuweza kuwajibu hapana. Daftari lilikuwa tupu. Jambo hili sijalisahau, na ndilo lililonifanya niache kuiona beji kama mapambo ya koti.

Floraidi ya lithiamu ina kasoro moja: ukiipasha joto kuisoma, umeifuta. Ni kama kusoma barua huku inaungua. Kuna vioo visivyo hivyo. Japani wanatumia sana beji za kioo cha fosfeti kilichotiwa fedha. Mionzi inaacha alama ndani yake, ukikimulika kwa mwanga wa zambarau usioonekana kinang'aa rangi ya chungwa, na unaweza kukisoma leo, kesho na mwakani, mpaka ukiamua kukifuta kwa joto la nyuzi 400. Ushahidi haupotei kwa kuulizwa. Na Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan wametumia samariamu, ndugu mwingine wa ukoo huu. Eksirei ikiipiga ndani ya kioo inabadilika hali, na rangi ya mwanga wake inabadilika nayo, kwa hiyo kioo kinaweza kuonyesha dozi kwa nafasi nyembamba kuliko unene wa karatasi. Natamani dada yule angekuwa na kipande cha kioo cha namna hiyo kwenye pete yake.

Nimalizie na barabara. Kaskazini ya Mbeya, katika Wilaya ya Songwe, kuna mlima Ngualla, mabaki ya volkano yenye umri unaokaribia miaka bilioni moja. Akiba ya kuchimbwa iliyotangazwa ni tani milioni 18.5 za mwamba wenye karibu asilimia 4.8 ya oksidi za madini adimu. Aprili 2023 Serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia, leseni ikatolewa, na Serikali ikachukua hisa asilimia 16 katika kampuni ya pamoja, Mamba Minerals. Mpango ni kuchimba, kuchenjua hadi kupata makinikia, na kuyasafirisha ng'ambo yakatenganishwe huko. Njia ya kutoka Mbeya kwenda bandari ya Dar es Salaam ni hii. Udongo wa Ngualla utashuka ukipita Igawa, na mashine za eksirei zinapanda kutoka bandarini zikipita Igawa. Vitapishana hapa mbele ya magenge yenu, kimoja ni mwamba na kingine ni mwamba huohuo uliosomeshwa.

Ninyi ni watu wa mpunga, mtanielewa nikisema hivi. Mchele wa Ngualla ni neodimiamu na praseodimiamu, zile mbili alizozitenganisha yule bwana wa karabai. Ni kama sehemu moja ya tano ya oksidi zote, na ndizo zinazolipiwa, kwa sababu ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Karibu nusu ya oksidi zote ni seriamu, na seriamu ni pumba. Kilo moja ni dola chache tu. Lakini nani katika Mbarali anayetupa pumba?

Sisemi kwamba vioo vitaimaliza seriamu ya Ngualla. Kioo chenye asilimia moja kinahitaji gramu kumi kwa kilo. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hapo na ni kigumu kuliko hapo: kilo chache zibaki, zitenganishwe hapa nchini, zipelekwe kwenye vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Dar es Salaam, Nelson Mandela kule Arusha, vijana wapike. Na katika ndugu wote wa ukoo ule, seriamu ndiyo rahisi kuitoa. Ile hali ya pili niliyowaambia, inayoharibu kioo, wenzake hawaifikii kwa urahisi. Ukiisukuma seriamu huko kwa oksijeni, inajitenga na wengine yenyewe. Kisha unairudisha kwa mkaa. Hewa na mkaa, kwenda na kurudi. Tanuri la umeme la nyuzi 1,400 si kitu cha kushindikana kwa chuo, na mashine ya eksirei ya kujaribia vioo ipo hospitalini.

Nimeshasema na mwalimu mkuu. Kipande hiki cha kioo na tochi yake nitaviacha shuleni hapa. Wanafunzi, kitazameni usiku na pia mchana mkiwa mmejifunika blanketi, mkiangalia kama ukijani unakawia baada ya tochi kuzimwa, na kama mnaweza kuupiga picha kwa simu. Kishikeni kwa uangalifu. Kikianguka kitavunjika kama kioo chochote, na vipande vyake navyo vitawaka.